Marahaba Niliyomnyima Mume wa Zaituni

Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, mvua yenyewe hainyeshi, nami nina wivu wa kunitoa roho. Naandika humu mtandaoni kwa sababu hakuna anayenijua kwa jina.

Asubuhi nilikwenda hospitali, hapa hapa Bagamoyo, kuchukua majibu ya kipimo cha mbegu zangu. Mke wangu Mwanaidi nilimdanganya kwamba nakwenda kutazama mbao.

Kumbe leo ni siku ya kupima watoto uzito. Kwenye benchi nikamkuta Zaituni, mke niliyemwacha baada ya miaka sita kwa kuwa hakuzaa. Kanenepa, kapendeza. Pembeni yake mumewe, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, kampakata mtoto wa kiume, na kadi ya kliniki kaibana kwa meno ili apate kumfunga mtoto kofia.

Nilimwonea wivu yule mtu mpaka ile kadi. Nilimwonea wivu hata doa la maziwa aliyocheuliwa begani. Nikamkagua mtoto nikiomba asifanane naye. Anafanana naye, masikio na yote.

Yule mume akanyanyuka kwa adabu, maana ni mdogo kwangu. "Shikamoo, kaka."

Sikuitikia.

Ndani, daktari akanieleza taratibu kwamba hakuna mbegu iliyoonekana. Akauliza kama niliwahi kuugua ugonjwa wa zinaa. Nikasema hapana. Akauliza tena, nikasema ndiyo.

Nilikuwa utingo wa lori, kijana, tukilala Chalinze. Nikapata kisonono. Nikajinunulia vidonge duka la dawa, na maumivu yalipokatika siku ya pili nikaacha. Vilivyobaki nikampa mwenzangu aliyekuwa na shida ileile, nikajiona mwema kweli. Baadaye korodani moja ikavimba, nikajikanda kwa maji ya moto mpaka ikanywea. Kisha nikaoa, na sikumwambia mtu.

Daktari anasema ugonjwa ule usipotibiwa mpaka ukaisha huweza kuacha makovu na kuziba mirija, ya mwanamume na ya mwanamke pia. Hakuapa kwamba ndicho kisa changu. Anataka kipimo kirudiwe, na niende na mke wangu naye apimwe. Wapo wanaosaidika, kasema.

Mimi nilikuwa namfikiria Zaituni. Miaka sita alikunywa kila mzizi aliouleta mama yangu, nami nilikuwepo, namtazama anavyokunja uso. Huenda ningemwambukiza na yeye akaharibika. Nilipaswa kushukuru kwamba alisalimika. Badala yake, pale kwenye benchi, nilitamani asingezaa kamwe. Yeye angebaki tasa, nami ningebaki mwanamume.

Nimeshaliandika, sitalifuta.

Niliporudi mchana nilimkuta Mwanaidi kaelekea kibla, sahani mkononi. Ni kombe, aya alizoandikiwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi, anywe apate mtoto. Mama ndiye aliyempeleka kwa shehe. Leo ilikuwa siku ya ishirini na saba, na siku zote hizo nimekuwa nikimtazama nikila chakula changu.

Nikaipokea sahani kabla haijafika mdomoni. Nikamwambia, "Huna kosa. Tatizo liko kwangu."

Nikamweleza yote, mpaka vile vidonge. Hakulia. Aliichukua sahani, akaiweka mezani, akaifunika kwa kawa. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Na Zaituni, ulimwambia?"

Jumatatu tunakwenda hospitali wawili. Lakini kwanza, Jumamosi, nakwenda Kiwangwa. Wivu bado ninao, sidanganyi, na nikimwona tena yule mtoto sijui macho yangu nitayaweka wapi. Nitamwambia Zaituni mbele ya mumewe kwamba hakuwa tasa hata siku moja, na kwamba mimi ndiye niliyemtangaza hivyo.

Na yule bwana akiniamkia, nitaitikia.