Mashine Zako Zinasahau, Baba

Baba,

Sitakuuliza hali, maana yako naijua: umepumzika. Sisi huku Tunduma hatujapumzika. Malori bado yamepanga foleni kwenda mpakani, karakana yako naifungua mimi kila asubuhi, na mashine zako za kutotolesha vifaranga zinasahau, moja baada ya nyingine. Ni mwezi wa nane sasa tangu tukuzike.

Ya kwanza kusahau ilikuwa ya Mama Yusta wa Hasamba. Alikuja siku tunaanua matanga, na kapu la mayai kichwani. Shangazi alilipokea akidhani ni mchango wa msiba, akaenda nalo jikoni, akapasua yai la kwanza juu ya kikaango. Akadondoka kifaranga mwenye manyoya, amekufa. Kwa kelele alizopiga shangazi, watu walidhani tumefiwa tena. Mama Yusta yeye hakupiga kelele. Alinishika mkono tu akasema, "Pole na msiba, mwanangu. Na mimi nimekuja na wa kwangu."

Kwao umeme ulikatika ukarudi, siku ya kumi na tisa tangu mayai yaingie mashineni, vifaranga wameshaanza kulia ndani ya maganda. Mashine ikawaka, taa ya kijani ikawaka, naye akaenda zake kuchuma kahawa. Kumbe mashine ilikuwa imesahau joto uliloipangia. Ilikaa kwenye ishirini na tano kutwa nzima, mayai yakapoa.

Ugonjwa wake niliujua kabla sijaigusa. Nilikuambia, Baba! Nilipotoka chuo nilikueleza kwamba kumbukumbu iliyomo ndani ya ile chipu kubwa inayoendesha mashine inaandikika mara laki moja hivi, baada ya hapo inachoka, kama karatasi ya daftari iliyofutwafutwa mpaka ikatoboka. Wewe kwa kuogopa umeme ukikatika mashine isijue ilipofikia, uliifanya iandike kila baada ya dakika kumi: joto, unyevu, siku ya ngapi, vyote, palepale, hata kama hakuna mtu aliyebadilisha kitu. Nikapiga hesabu mbele yako. Haifiki miaka miwili. Nikakuonyesha chipu ya kumbukumbu ya kuweka pembeni, yenye miguu minane, ndogo kuliko punje ya mahindi, inayovumilia kuandikwa mara nyingi zaidi na isiyopoteza kitu umeme ukiondoka. Ukacheka mbele ya wateja. "Huyu chuo kimemfundisha kuongeza vitu vya kuharibika." Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Haya, sasa cheka.

Bodi zako zote ulizimwagia gundi nyeusi, ngumu kama mwamba, na majina ya chipu ukayasugua kwa msasa, eti mafundi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wasikuige. Programu ukaifunga. Nakala yake nimeitafuta kwenye kompyuta yako, kwenye flashi zako, hata ndani ya mfuko wa Biblia yako. Haipo. Mafundi wa Nakonde wana shughuli zao, Baba, hawana habari na wewe. Uliyemfungia nje ni mimi. Nimekwangua gundi kwa kisu mpaka vidole vikatoka malengelenge, nimevunja bodi mbili, nimeandika programu upya kuanzia mstari wa kwanza. Na nilikuwa nakusema kwa sauti nikikwangua. Mama akisikia ananiambia, "Usimseme marehemu." Namjibu kwamba simsemi marehemu, namsema baba yangu.

Lakini kwa watu nilikutetea. Mama Yusta nilimrudishia mashine yake mbele ya wote, ikiwa na chipu ya pembeni, nikamwambia, "Baba hakujua." Yule mwalimu wa Vwawa, ambaye mashine yake nayo ilisahau, nilimwambia hivyohivyo. Hakujua, alikuwa mbishi tu. Neno hilo nilikuwa nalisema na kuliamini, na lilinisaidia kula chakula.

Juzi nikafikia ile ya nyumbani, ya Mama. Ndiyo kongwe kuliko zote na haijawahi kusahau hata mara moja. Nilidhani ni bahati. Nikakwangua gundi. Chini yake kulikuwa na chipu yenye miguu minane.

Lehemu yako naijua, Baba. Siku zote tone lako lilikuwa kubwa kuliko linavyotakiwa. Nilipomuuliza Mama, alisema uliibeba mashine kwenda karakana kama mwezi mmoja baada ya mimi kukuambia, ukairudisha kesho yake. Kwa hiyo ulikaa ukazipiga hesabu zangu, ukakuta ni za kweli. Ukaiponya ya nyumbani, ukaifunika na gundi, ukanyamaza. Na mezani ukaendelea kuniita mtoto wa chuo.

Nitakuambia ukweli: kwa dakika moja nilifurahi. Nilifurahi kwamba uliniamini. Halafu nikamkumbuka shangazi na kikaango, nikalia kwa hasira mpaka Mama akaja kusimama mlangoni.

Ulibakiwa na zaidi ya mwaka mzima. Kutoka hapa hadi Hasamba ni safari ya asubuhi moja. Mashine kumi na nne tu, Baba! Kama ulishindwa kusema mbele ya watu, ungeninong'oneza jikoni, nisingemwambia mtu. Ningekwenda mimi na kisu changu, nikasema natazama vumbi. Ungekosea tu, ningekuwa nimeshakusamehe. Ubishi wako nao nimeuzoea tangu utotoni. Lakini ulijua.

Nane zimeshapona, sita bado, na hizo nitazimaliza, nakuahidi. Bodi zangu sizimwagii gundi, anayetaka kutazama atazame.

Na kesho naenda Hasamba. Mama ananisihi nisiende, anasema jina lako litachafuka na wewe huwezi kujitetea. Labda ni kweli. Ila uongo niliompa Mama Yusta niliutoa kwa mdomo wangu, nao ni lazima niufute kwa mdomo wangu. Nitamwambia ulijua, kisha nitamsikiliza.

Kwaheri, Baba. Msamaha usiniombe sasa. Mama Yusta ndiye wa kwanza kuombwa, na akikataa, sitamshawishi.

Mwanao,
Tusekile