Kemia ya Kidato cha Tatu, kwa Mara ya Pili

Jumatatu, 12 Januari

Nimesahihisha insha za Gredi ya Tano hadi vidole vikafa ganzi. Kichwa kilikuwa "Likizo Yangu". Nusu ya darasa wameandika juu ya ng'ombe waliokufa. Sikuwakata alama. Ndiyo likizo waliyoipata.

Joto. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Abdia, rafiki yangu, mama Mworma anayeniuzia maziwa, amepita asubuhi kama kawaida, ila jerikeni ilikuwa nyepesi. Ng'ombe wake wamekonda. Nyasi hakuna tena upande wao.

Nimeamua. Naandika hapa kabla sijamwambia mtu. Nataka kuwa daktari wa mifugo.

Nina miaka thelathini na minne. Mwalimu wa Kiswahili. Kemia nilipata D. Nicheke ama nilie?

Alhamisi, 15 Januari

Sababu, nisije nikajidanganya baadaye. Mwezi jana nilikuwa mkalimani wakati wa chanjo ya ng'ombe, kwa vile Kiorma nakijua tangu nilipofundisha huko malishoni. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, mgeni kutoka bara. Ng'ombe mmoja alikuwa ameshindwa kuzaa. Yule binti akavua saa, akaingiza mkono hadi begani, akafumba macho kama anayesali. Akamgeuza ndama. Ndama akatoka, akapiga chafya.

Watu walishangilia. Mimi macho yalibaki kwenye ule mkono. Nilimwonea wivu. Wivu mtupu, sina jina jingine.

Leo nimemwambia mwalimu mkuu. Amecheka mpaka akashika meza. "Wenzako wanatafuta cheo, wewe unatafuta kinyesi cha ng'ombe?" Lakini hakukataa. Mradi vipindi vyangu visipotee.

Jumamosi, 24 Januari

Nimepiga simu chuo kikuu. Mama aliyepokea alikuwa na subira. Biolojia ninayo, tena nzuri. Kemia ni lazima. Kisha Hisabati au Fizikia. Fizikia niliiacha kidato cha pili, imekwenda. Basi ni Hisabati.

Nikamwuliza kama nitafanya hayo mawili tu. Hapana. Nikirudia mtihani narudia masomo yote. Hata Historia. Hata Kiswahili ninachofundisha.

Nikauliza habari ya stashahada, nianzie chini nipande polepole. Nayo inataka Kemia. Kila mlango ninaobisha, Kemia ndiyo inayofungua.

Na kuna hili. Walio kidato cha tatu sasa ndio wa mwisho katika mfumo wetu wa zamani wa elimu. Mtihani wao ni mwakani. Baada yao hakuna tena. Kwa hiyo sina mwaka wa kujaribu na mwaka wa kurekebisha. Ni mmoja tu, na nikianguka nimeanguka.

Mpango: Kemia jioni baada ya shule na Jumamosi asubuhi, maabara. Hisabati alfajiri. Mengine likizoni. Mume alinikimbia zamani, mtoto sina. Angalau hakuna wa kuniuliza chakula kiko wapi.

Jumatano, 4 Februari

Mkuu wa shule ya sekondari amenikubalia nikae na kidato cha tatu maabarani. Masharti: nisichelewe, nije na koti langu jeupe, na nisiwakaripie wanafunzi wake. Hili la mwisho alilisema kwa mkazo.

Mwalimu wa Kemia ni Buya. Nilimfundisha darasa la sita. Aliponiona mlangoni alisimama wima kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo mwalimu ni wewe."

Wanafunzi wamecheka. Msichana mmoja wa mbele ameuliza, "Madam, kwani una-repeat?" Nimemwambia ndiyo. Ametoa mkoba wake kwenye kiti, nikakaa. Magoti yangu hayaingii chini ya meza ile.

Sikuelewa kitu. Moli ni nini? Wenzangu walikuwa wakiandika tu. Nami nikaandika.

Ijumaa, 13 Februari

Jaribio la kwanza. Sitini na moja! Nimetembea hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu barabarani.

Kwa furaha hiyo nikampigia Baba, yuko kijijini Ngao. Nilikuwa nimemficha tangu Januari. Nikamweleza yote.

Baba ni mkulima. Shamba lake liko ukingoni mwa mto, jirani na malka, njia ya ng'ombe kwenda majini. Kila kiangazi ng'ombe wanatoka njiani, wanaingia kwake. Nimelijua hilo tangu nizaliwe.

"Yaani uwatibu," akasema, "wapone, waje wamalizie na mabua?"

Nimekasirika. Nimekasirika zaidi kwa sababu si neno la kijinga.

Alhamisi, 19 Februari

Ile sitini na moja ilikuwa uongo.

Leo nilikaa na yule msichana wa mbele, jina lake Maro, tukilinganisha karatasi. Swali la tatu tumejibu sawasawa, neno kwa neno, na sote tumekosea. Yeye sifuri. Mimi alama nne. Swali la tano vilevile.

Nimemsubiri Buya mpaka darasa likatoka.

"Buya, umenipa alama za nini?"

Ametazama sakafu. "Mwalimu, naona haya. Nawezaje kukuandikia sifuri?"

"Utaniandikia. Mwakani anayesahihisha hanijui."

Amesahihisha upya mbele yangu kwa kalamu nyekundu. Ishirini na tatu. Ameomba radhi kama aliyevunja chombo cha mtu. Nilikuwa na hamu ya kulia lakini si mbele yake.

Ishirini na tatu ni yangu. Naanzia hapo.

Jumamosi, 21 Februari

Nilikuwa maabarani. Simu ikalia, Abdia. Sikushika. Ikalia tena. Nikatoka nje.

"Mwalimu, njoo haraka. Ng'ombe yangu iko shamba ya baba yako. Imelala, hainuki."

Bodaboda mpaka Ngao. Ng'ombe wa Abdia walikuwa wametoka kwenye malka alfajiri wakaingia kwa Baba. Mahindi mabichi, yale aliyoyamwagilia kwa pampu tangu Desemba, yote chini. Na katikati yake ng'ombe mweupe, ubavu wa kushoto umevimba. Amekula kupita kiasi. Alikuwa akivuta pumzi kwa mdomo, ulimi nje. Abdia amepiga magoti kichwani pake, midomo imemkauka kwa saumu.

"Imekuwa kama ngoma," alisema. "Mwalimu, fanya kitu."

Nikampigia yule binti daktari. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Nikaweka mkono ubavuni. Ngozi ngumu, imekaza. Sikujua nibonye wapi. Sikujua nitoboe au nisitoboe, wala kwa kitu gani. Nilisimama. Hilo tu ndilo nililofanya. Nilisimama na koti jeupe la maabara.

Akafa mbele yangu. Nikalia kwa sauti.

Baba alikuwa nyuma yangu na jembe mkononi. "Unamlilia ng'ombe," alisema. "Mahindi yangu hukuyaona?"

Vijana wa kwetu walikuwa wameanza kukusanyika na mapanga. Ndugu za Abdia nao walikuwa wanakuja kutoka upande wa malka. Sote tunakumbuka ule mwaka mbaya, wakulima na wafugaji walipouana, hakuna haja ya kuandika zaidi. Chifu akafika kabla ya tusi la kwanza kutamkwa, akawatuliza. Mungu ni mkubwa.

Abdia alipokuwa akiondoka hakunitazama. "Wewe nasema nasoma udaktari. Ng'ombe yangu nakufa, wewe nasimama tu."

Jumapili, 22 Februari

Sikwenda kanisani. Nimefua koti. Doa la povu la ng'ombe halitoki.

Baba ana haki. Abdia ana haki. Mimi sina.

Jumatano, 25 Februari

Wazee wa pande zote mbili wamekaa. Fidia ya mahindi imekubaliwa na ng'ombe hawatapita upande wa Baba mpaka mvua. Hakuna aliyeumizwa. Nashukuru.

Abdia hapiti tena kwangu, maziwa yake anauzia upande wa pili wa soko. Nimemwona kwa mbali. Nimenunua ya pakiti.

Leo darasani mtoto ameniuliza wingi wa "ndama". Nikaliandika ubaoni mara mbili, mpaka watoto wakatazamana. Ndama. Ndama wengi. Ni neno lilelile.

Jumamosi, 28 Februari

Sikwenda maabara. Nimelala nikitazama mabati.

Mwalimu mkuu alisema niache. Hakulazimisha, alisema kama rafiki. "Una kazi, una heshima. Ng'ombe mmoja tu amekwisha kukugombanisha na baba yako na rafiki yako. Ukiwa na mia je?"

Nimelifikiria siku nzima. Sikuona kosa katika maneno yake. Ila moja. Nikiacha, Jumamosi ile itabaki kama ilivyo. Mimi nimesimama, basi.

Jumamosi, 7 Machi

Nimerudi. Maro alikuwa ameniwekea kiti. Buya hakuuliza kitu. Amenipa bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia, amesema anza.

Asidi kwenye bureti, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke. Mara ya kwanza nimepitiliza. Ya pili nimepitiliza. Ya tatu nimeishika bureti kwa mikono miwili. Rangi ikageuka kwa tone moja. Maro amesema "wueh". Buya amesema rudia, mara moja si kitu.

Baada ya somo nimemwuliza Buya juu ya tumbo la ng'ombe. Amesema yeye si mtu wa mifugo lakini gesi anazijua. Tumeketi na kitabu. Majani mabichi yanachacha tumboni, gesi inazaliwa, haina pa kutokea, inasukuma mapafu. Mnyama hafi kwa shibe, anakufa kwa kukosa hewa. Gesi zile zina majina. Nimeyasoma leo, nimeyaandika, nimeyakariri njiani.

Hasira imenirudia, lakini hii ni nzuri. Hii inanyanyua.

Ijumaa, 13 Machi

Jaribio la pili. Thelathini na nane. Nyekundu tupu. Nimemwuliza Buya kama ni halali. "Halali kabisa, mwalimu. Hata nimekubana." Alikuwa anacheka.

Hisabati mbaya. Logi zinanishinda. Alfajiri naamka, nazitazama, nazo zinanitazama.

Jumapili, 22 Machi

Nimekwenda Ngao baada ya ibada. Mwezi mzima hatukuwa tumeongea, mimi na Baba.

Alikuwa shambani anapanda upya. Nimevua viatu, nimechukua mbegu, nimemfuata nyuma. Yeye anachimba, mimi naangusha, nafukia kwa mguu. Tumefika mwisho wa mstari, tumerudi. Mgongo umeniuma kama wa mzee. Pale alipofia ng'ombe, Baba amepanda pia. Udongo wa pale ni laini.

Tulipokaa kunywa maji akasema, bila kunitazama, "Yule ng'ombe. Kama ungekuwa umeshasoma, angepona?"

"Sijui, Baba. Labda."

"Hujui."

"Sijui."

Akasukutua, akatema maji pembeni. "Mimi ng'ombe siwapendi. Sitawapenda. Lakini yule mama alikuwa amepiga magoti katika mahindi yangu, na mtoto wangu amesimama kama mti, na watu wanashika mapanga. Ng'ombe angeamka, kila mtu angekwenda kwake." Akafuta mdomo. "Basi nenda ukajue. Ukirudi usiniambie labda."

Akasimama, akachukua jembe.

Sikutegemea. Bado siamini. Naandika na udongo ungali kwenye kucha.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Ya kwanza. Watoto wametoka darasani bila ruhusa na mimi nimetoka nao.

Sokoni nimekutana na Abdia uso kwa uso chini ya kibanda, wote tumekimbia matone. Nimemsalimia kwa Kiorma. Amejibu. Amesema nyasi zitaota. Nimesema inshallah. Kisha kila mmoja akatazama mvua. Maziwa hakunipa, nami sikuomba. Salamu tu. Inatosha kwa sasa.

Jumamosi, 11 Aprili

Shule zimefungwa. Maabara imefungwa. Buya amekwenda kwao Hola, ameniachia maswali ya kutosha mwezi. Maro yuko kwa shangazi yake.

Kimya. Nimefagia nyumba, nimeweka meza karibu na dirisha ambapo mwanga ni mzuri. Hisabati asubuhi yote. Logi. Nimekosea, nimefuta, nimeanza tena. Kufikia mchana mengi yalikuwa sahihi, na yale mabaya nilijua yameharibikia wapi.

Nje vyura wanapiga kelele. Mto unapanda, wanasema, lakini si wa kutisha.

Nimepika ugali na mchicha. Nimekula nimekaa peke yangu, bila haraka. Nimeosha sahani. Nimerudi mezani.