Presha ya Boila

Mjukuu wangu Salma, hujambo huko Leeds? Sie wazima, miguu tu imechoka. Mie nasema, mamako anaandika.

Unauliza boila ya kupashia nyumba joto imezima, mtoto anatetemeka, ufanyeje. Baridi yangu ya kwanza hapa London, nna mimba ya huyu mamako, yetu ilizima vilevile. Siku tatu nimekaa na koti, naona haya kuuliza. Fundi alipokuja akasema, "Presha iko chini." Nikamwambia, "Baba, yangu iko juu, nameza vidonge." Yeye akacheka, mie nikalia kwa uchovu. Akanionyesha kijisaa cha presha ya maji chini ya boila, mshale umelala kwenye sifuri. Akafungulia maji, ukapanda, nyumba ikapata joto.

Basi tazama mshale, umwite fundi. Ukisikia harufu ya gesi, toka na mtoto kwanza. Wewe umeuliza siku hiyo hiyo, hapo umenishinda.

Bibi yako