Mlevi wa Bahati na dumu la ukweni

Jumapili, mwezi wa kumi, 2018. Doornfontein.

Mvua imepiga mchana, imeangusha maua ya zambarau barabara nzima. Mimi niko dirishani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Inauma. Acha iume. Jana miguu hii ilifanya kazi iliyolishinda gari la mwanangu.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la Bahati, mtoto wangu wa kwanza. Jeusi, refu, silinda nane, na lina ngazi ya kupandia kama unaingia ghorofani. Watu wanane wanakaa humo bila kugusana magoti. Uzuri linao, sikatai. Lakini linakunywa. Likitembea linakunywa, likisimama kwenye foleni linakunywa, ukiwasha kiyoyozi ndiyo linaongeza. Mimi nililiita Mlevi, na sasa mtaa mzima unaliita hivyo.

Hapa bei ya mafuta inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka huu inajua njia ya kupanda tu. Basi Jumatatu mpaka Ijumaa Mlevi analala chini ya turubai, na mwenye Mlevi anapanda teksi, zile basi ndogo za abiria, kwenda kulinda maduka ya watu. Nimemuuliza mara nyingi: Bahati, kati yenu wawili, bosi ni nani?

Alikuwa ananijibu, "Mama, subiri siku ya Heri, utaona."

Heri ni mtoto wake, mjukuu wangu mkubwa. Siku yake ilikuwa jana, kwenda kumposa Divine, binti wa Kirundi, kule Turffontein. Baba yake Divine, Mzee Melkiori, ni fundi wa viti na ni mtu wa saa. Alituma neno kwamba lango linafungwa saa nane, na atakayechelewa arudi nyumbani kwake. Si maneno tu. Waliokuja kumposa dada yake Divine aliwarudisha kweli, na hawakuja tena.

Sasa sikiliza ujinga.

Ijumaa nilimwambia Bahati: "Usisahau, weka mafuta robo." Taa za barabarani hapa zinaitwa roboti. Mimi mkia wa neno naumeza, nasema robo, na kila mtu ananielewa. Nilimaanisha ile garaji ya mafuta iliyo pale kwenye taa, maana vijana wake hawachezi na pampu. Yeye akasikia robo ya tanki. Akaweka robo, na asubuhi akaenda Pretoria kumchukua shemeji yangu Kasongo, ambaye ndiye msemaji wetu. Kwenda na kurudi, kiyoyozi kinapuliza. Alipofika kwetu akaliacha linanguruma mlangoni muda mrefu, majirani walitazame.

Na niseme ukweli. Nilipokaa kiti cha mbele, nilishusha kioo ili wanione na mimi.

Tulipofika Turffontein, kwenye kilima cha kupandia kwao Divine, Mlevi akakohoa, akakohoa tena, akanyamaza. Taa ya njano ilikuwa imewaka zamani. Bahati aliiona, akaogopa kusimama kununua mafuta tusije tukachelewa.

"Mama, si ulisema robo?"

"Robo ya taa, wewe. Na hata hivyo, kwa gari la watu wenye akili, robo ingetupeleka Pretoria, ingeturudisha, na ingebaki ya kwenda kanisani."

Heri alishika kichwa. Saa nane ilikuwa inakaribia.

Nikasema, shukeni.

Bahati akachukua dumu la njano akakimbia kutafuta mafuta. Sisi wamama, wote kwenye kitenge cha aina moja, tukajitwika kreti za soda na mabunda ya vitenge vya mama mkwe. Shemeji Kasongo akakunja suruali ya suti. Mimi nikatangulia na nikaanzisha wimbo wetu wa posa, ule tunaouimba kwetu Uvira, maana watu wanaopanda kilima kimyakimya na mizigo kichwani wanaonekana kama wamefukuzwa nyumba. Wateja wa spaza, kiduka cha pale njiani, walitoka kutazama. Wanawake wa Kizulu pale kona wakatupigia vigelegele, na mmoja akanipokea kreti mpaka juu.

Mzee Melkiori alikuwa ameshika lango, tayari kulivuta.

"Bibi, mmetembea?"

"Tumetembea."

"Kwa ajili ya binti yangu?"

"Sasa kwa ajili ya nani?"

Sikudanganya. Alifungua lango lote, akasema kwa sauti kwamba tangu aingie nchi hii hajaona wakwe wanaokuja kwa miguu kama nyumbani. Nikanyoosha shingo.

Tumeshakaa, maneno yameanza, Bahati huyo anaingia kwa lango lililoachwa wazi, jasho tupu, na dumu mkononi. Alilipita gari bila kulitia mafuta asichelewe zaidi, na dumu aliogopa kuliacha nje lisiibwe. Ndugu zake Divine wakapiga makofi. Kwa Warundi, na kwetu pia, dumu linaloingia siku ya posa ni pombe ya ndizi. Mjomba wao mmoja akamnyang'anya Bahati kwa furaha, akaliweka katikati, miguuni kwa Mzee Melkiori.

Mzee akafungua kifuniko. Akainama, akanusa.

Nilimtazama Heri. Midomo ilikuwa imekuwa kijivu. Neno moja tu la yule mzee, na tungekuwa watu waliochezea nyumba yake kwa petroli.

Akanitazama mimi. Kisha akafunga kifuniko polepole, akakikaza.

"Hii ya wakwe zangu ni kali," akasema. "Hainywewi leo. Itakaa nyuma ya nyumba mpaka harusi, na atakayevuta sigara karibu yake nitamfukuza."

Watu wakacheka. Divine ametolewa ndani tumwone, posa imepokelewa. Nimeishi miaka mingi, na heshima ya namna ile sijaiona mara nyingi.

Leo Bahati amekuja baada ya kanisa. Amekaa kula ugali. Kisha akaweka tonge chini.

"Mama, Mlevi nimempeleka robo."

"Robo ipi?"

"Yako. Kwenye taa. Nimeweka kibao dirishani, anauzwa."

Ilibidi anunue mafuta mengine kumfikisha pale, maana yale ya kwanza yako ukweni. Nilikuwa na maneno mengi tayari kinywani. Nilimwongezea samaki. Mwanaume aliyelipenda gari vile, akaliwekea kibao kwa mkono wake mwenyewe, huyo nimemzaa mimi.

Kesho naanza kutafuta ndizi nzuri. Siku ya harusi tutakipanda kile kilima kwa miguu tena, na nitampelekea Mzee Melkiori dumu lingine, safi, lina kinywaji cha kweli.

Dumu zima. Si robo.