Selemani kawa mvuvi

Batuli shoga yangu, sikia haya. Shemeji yangu Selemani leo kajifanya mvuvi!

Mjukuu wangu Mwanamkuu kesho anakwenda Kilwa na mumewe kuvua. Selemani anamwambia, "Tupeni mshipi siku za bamvua, maji yakienda kasi. Ndivyo nilivyowafundisha watu wa pwani, enzi za Ujamaa."

Kuwafundisha! Mtu wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, asiyejua hata kuogelea!

Na mtoto anaandika kila neno lake!

Nikasema: futa, mjukuu wangu. Mshipi unataka maji mafu, mkondo umetulia. Babu yako alitoka na bamvua huko Kilwa, ngalawa ikapinduka. Mzee Mfaume, mvuvi anayejulikana pwani nzima, alimwopoa, akamvisha shati lake mwenyewe.

"Mfaume yupi?" Selemani ananiuliza.

Mfaume yupi!

Shati lile mume wangu alirudi nalo Tabora, Batuli. Nililifua mimi.