Kijiti cha Babu Hakipimi Rimu za Huko

Karakana ya Baiskeli,
Nyuma ya Kinu cha Unga,
S.L.P. 46.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mpwa wangu Spana,

Hujambo, mjomba? Mikono inaendeleaje? Ule ukucha uliong'oka umeshaota? Unakula vizuri, au bado unakunywa chai na kusema umeshiba? Sisi huku hatujambo. Goti langu linalia kila nikichuchumaa, lakini hilo ni goti la mtu mzima, limezoea kulalamika.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kwamba gurudumu la nyuma ulilomfungia yule mkunga limepinda njiani na mama wa watu akaanguka matopeni, nimesikitika sana. Kwamba hakuumia, tumshukuru Mungu. Lakini kwamba unataka kufunga karakana yako na kurudi nyumbani, hapo nimecheka. Nisamehe, nimecheka kweli. Gurudumu moja tu? Mimi ningekuwa nafunga duka kwa kila gurudumu linalonitia aibu, leo ningekuwa nauza nyanya.

Haya, tuingie kazini. Kosa lako nalijua bila hata kuliona gurudumu. Umesema nati za spoki pale kwenye rimu zilikazika mpaka zikagoma kuzunguka, ilhali spoki zenyewe ukizibonyeza zinacheza. Na umesema rimu ni ya alumini, nene kwenda ndani. Basi! Ulikata spoki kwa kipimo cha kijiti cha babu.

Kijiti hicho nakijua kama ninavyoijua pua yangu. Baba alikichonga kwa ajili ya baiskeli nyeusi za chuma, zile nzito, na kwetu hakuna anayehoji. Unalaza spoki, unatazama alama, unakata. Mama yako alipokufungia kitambaani siku unaondoka, alikupa kwa moyo wote, na mimi nilisimama pale nikitikisa kichwa kukubali kama padri. Hapa kinafaa kwa sababu baiskeli zetu zote ni ndugu wa tumbo moja. Za huko hazimjui babu.

Sikiliza sasa. Rimu nene kwenda ndani inasogeza nati karibu na habu, pale katikati inapopita ekseli. Kwa hiyo inataka spoki fupi. Yako ilikuwa ndefu, nati ikapanda mpaka mwisho wa ile mistari ya kukazia, ikagota. Wewe ukahisi ugumu mkononi ukadhani spoki imevutika. Wapi! Ilikuwa imelegea vilevile.

Chukua spoki mbili kuukuu, zikate zilingane, zichomeke kwenye matundu mawili ya rimu yanayotazamana, zifungie nati, kisha zivute zielekeane katikati. Pima nafasi iliyobaki, jumlisha na urefu wa spoki zote mbili. Hicho ndicho kipenyo cha rimu yako, achana na namba iliyoandikwa kwenye tairi. Halafu pima habu, tundu hadi tundu linalotazamana nalo, na kutoka katikati hadi kila ukingo wake. Utakuta upande wa gia ukingo uko karibu zaidi na katikati, kwa hiyo spoki za upande huo huwa fupi kidogo. Kijiti kina alama moja tu ya gurudumu la nyuma kwa sababu babu, Mungu amrehemu, hakuwahi kushika baiskeli ya gia.

Mpelekee muuza spoki vipimo hivyo, lakini usibebe furushi zima. Jaribu chache kwanza. Ncha ya spoki ifike sawa na mfereji wa kichwa cha nati, isizame sana na isichungulie nje, maana itatoboa tyubu.

Na metali usizichanganye ovyo. Spoki nunua za chuma cha pua, nati za shaba ya njano. Zile nati za alumini zenye rangi rangi zinapendeza dukani, lakini vichwa vyake vinaliwa na spana kama sabuni. Chuma kikichoka hupinda kwanza, kinakupa taarifa. Alumini ni mnyamavu, siku ukija kujua imeshapasuka, kwa hiyo kila ukiishika rimu hiyo kague pembeni ya matundu.

Umelalamika pia kwamba nguzo ya kiti imegoma kutoka. Nguzo ni alumini, fremu ni chuma, maji ya mvua yamepita katikati, na grisi hakuna. Hao ni mawifi, Spana. Ukiwaweka nyumba moja bila wa kuwapatanisha, watashikana tu. Ukishaitoa, safari hii paka grisi ya kutosha. Mke wangu na mama yako wasisome hapa.

Sasa lile lenyewe. Mama yako ndiye aliyenituma niandike, na alitaka nikwambie urudi upesi. Dada yangu namheshimu, lakini kalamu nimeshika mimi. Nimekukumbuka mno, mjomba. Benchi lako hapa limejaa matairi na sipendi kulitazama. Hata hivyo nakwambia usirudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huyo mkunga ameanguka, amejipangusa matope, na gurudumu amelileta tena kwako. Mafundi hawajaisha mjini huko. Wewe unaona aibu, mwenzio anangoja gurudumu, na wajawazito wanamngoja yeye. Lifunge upya, kisha uipande baiskeli hiyo wewe mwenyewe, kwenye mashimo yote ya mtaa wako, kabla hujamkabidhi.

Mke wangu anakusalimu, anauliza kama sweta ilikutosha. Binamu zako wanakusalimu, yule wa mwisho ameanza kuota meno na anamng'ata kila mtu. Nisalimie mama mwenye nyumba wako, na zaidi mkunga, umwambie pole kutoka kwangu.

Mungu akulinde njiani na kazini, aitie mikono yako baraka, na wateja wako wawe wasumbufu kiasi.

Wako akupendaye na kukuamini,
Mjomba

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimemsomea mama yako barua hii, pale kwa mawifi nikaruka. Aliposikia habari ya kijiti cha baba yake amefyonya, nami nikajua leo silali humu ndani. Kisha amenyanyuka, amechukua ufunguo wa chumba chako, akatoka bila kuaga. Amerudi sasa hivi. Amempangishia chumba fundi cherehani wa jirani, na kitanda chako kimeshatolewa. Analia, lakini amesema nisikwambie kwamba analia. Amesema niandike tu kwamba huna pa kurudi, ukamalizie gurudumu la watu.