Hadithi ya Kumwaga Unga

Kambi ya wakimbizi, Nakivale

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Miguu yako imepoa? Na hapo nyumbani Buyenzi mnalala salama? Mimi ni mzima, ila siku hizi kila mtu namtazama mara mbili.

Unajua nafundisha Kiswahili shule ya kambini. Niliwapa watoto nahau, kila mmoja abuni ilikotoka. Espérance, yatima wa miaka kumi na miwili anayelelewa na bibi yake, akachagua "kumwaga unga", yaani kufukuzwa kazi. Akaandika juu ya mtunza ghala aliyeiba unga wa wakimbizi. Gunia likatoboka, mstari mweupe ukawafikisha watu mlangoni kwake. Darasa lilicheka, nami hadithi yake nikaibandika ukutani.

Siku ya tatu msimamizi wa stoo yetu ya posho alikuja na askari, akitaka kujua nani ananituma. Niliogopa kumtaja mtoto, nikasema nimeandika mimi. Wakaibandua karatasi, wakanipeleka nayo kambi ya jeshi Mbarara. Njiani, tulipopita Masha, msimamizi akaniuliza kwa upole ndugu zangu wanaishi wapi. Nikageuka kutazama barabara.

Ofisa wa jeshi aliisoma hadithi taratibu, akauliza, "Mwalimu, jina ya huyu mtu iko wapi?"

Nikamwambia halimo, ni hadithi tu.

Akamgeukia msimamizi. "Sasa wewe unajua namna gani ni wewe?"

Yule bwana alilowa jasho. Wakaenda kukagua stoo, magunia hayakutimia, akafukuzwa.

Mama, badala ya kufurahi nilirudi na shaka. Nilimwita Espérance pembeni, nikamwuliza aliona nini. Alijibu akiangalia miguu yake.

"Mwalimu, nilibuni tundu la gunia tu. Unga yule msimamizi alikuwa analeta kwetu, bibi anauza. Nilitaka asirudi tena."

Sijamwambia mtu. Bibi huyo ana meza yake ya biashara Misiera, humu humu kambini. Zamani alinipa salamu tu. Sasa nikinunua kwake ananiongezea pakiti ya chumvi nisiyoiomba na kuniuliza mtoto anaendeleaje darasani. Naipokea, nashukuru, naondoka haraka.

Nisalimie kaka Saidi fundi cherehani, shangazi Mwajuma, na wifi yangu aliyejifungua. Barua hii anaichukua mfanyabiashara wa Nyamityobora, kule mjini Mbarara. Nimemwambia ni habari za harusi. Ukikuta bahasha imefunguliwa, usinijibu. Ukikuta nzima, isome peke yako kisha uitie motoni.

Mwanao anayekuombea,
Zuhura